Chupa Iliyoishia Kwenye Maharage Mbangala

Niliondoka Chapwa, pale Tunduma, kwa sababu ya chupa moja ya maji. Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi katika maabara ndogo, na bosi wangu, Dada Sekela, alitaka kujua kilichojificha chini ya mbuga iliyokauka pembeni mwa Ziwa Rukwa: chumvi tupu au magadi.

"Lete chupa moja safi," aliniambia. "Ukirudi mikono mitupu, katafute kazi kwingine."

Nilibeba chupa moja, kwa kuwa alisema moja. Mbili niliona zingeonekana kiburi.

Njiani kwenda Mbalizi nilijikumbusha kemia. Maji yakiingia bondeni na kukosa pa kutokea, jua huyanywa na kuyaacha madini. Kwanza kalsiamu na kabonati hushikana na kuzama zikiwa chokaa, kama wachumba wanaotoroka sherehe. Atakayebaki bila mwenzi ndiye anayeamua: ikibaki kabonati, maji ya chini huwa ya magadi, ikibaki kalsiamu, magadi hakuna. Nilimweleza haya yote abiria wa pembeni. Akahama kiti.

Nilipofika Galula nilishuka basi, nikapanda bodaboda.

"Begini una nini?" dereva aliuliza.

"Chupa tupu. Nimetoka nayo Tunduma."

"Kutoka Tunduma yote hiyo? Haya profesa, shikilia hewa yako isimwagike."

Kijijini Mbangala, jirani na ile mbuga, nilipokelewa na Mama Kulwa, mfugaji. Mchana mumewe alinipeleka mbugani. Gamba jeupe lilivunjika chini ya viatu kama kaukau za viazi. Tulichimba shimo, yakajikusanya maji ya rangi ya chai iliyopauka, yanayoteleza vidoleni kama sabuni. Nikajaza, nikafunga, nikafungua kuhakikisha nimefunga, nikafunga tena.

Jioni likaja swali: chupa ikae wapi? Chumbani ningeipiga teke. Uani kuna ng'ombe, na ng'ombe wanapenda chumvi. Nikaiweka jikoni, kando ya mafiga, mahali ambapo hakuna wa kuigusa isipokuwa mwenye jiko. Mwenye jiko sikumfikiria.

Maharage ya usiku huo yalikuwa laini ajabu. Nikakamulia limau. Mchuzi ukafura povu.

"Mama, umetia nini humu?"

"Zawadi yako, mwanangu! Mgeni akipita chemchemi hutuletea maji ya magadi, anayaacha kando ya mafiga. Wewe umelelewa. Nimetia kidogo tu, mengine nimewagawia majirani."

"Hayakutoka chemchemi, mama. Yametoka shimoni!"

Kijiko kikamponyoka. Mimi nikashika kichwa: kazi yangu ilikuwa imeliwa na kijiji kizima. Ndipo nikalitazama tena lile povu. Limau hufanya vile likikutana na kabonati.

"Imekosa mwenzi!" nilipiga kelele. "Kabonati imekosa mwenzi!"

Baba Kulwa akaivuta sahani yangu taratibu. "Mama Kulwa, mpe maji. Huyu ni mtoto wa watu."

Asubuhi nilirudi shimoni. Niliisuuza chupa kwa maji ya shimo mara nyingi hadi Baba Kulwa akauliza kama inaolewa. Nikajaza upya, na njia nzima hadi Tunduma nikaipakata.

Dada Sekela aliyadondoshea maji yale asidi. Povu.

"Magadi," alisema.

"Najua, dada. Tuliyala."

Akaifunga chupa, kisha akanipa koti la maabara.

Nilichojifunza ni kwamba kitu ukikiweka jikoni kwa mtu, umeshakitoa. Safari iliyofuata nilibeba chupa mbili. Ya maabara nililala nimeikumbatia. Ya pili niliiacha kando ya mafiga, nikakaa kusubiri maharage.