Niliitwa Mwizi wa Chakula Changu Mwenyewe

Nilirudi kutoka kazini nikakuta kabati la vyakula limepigwa kufuli.

Kwangu mwenyewe.

"Mama watoto, ufunguo uko wapi?"

"Ninao mimi. Mpaka sukari yako ishuke."

Mimi ni fundi cherehani. Sikusomea, nilijifunza kwa kufumua nguo kuukuu na kuzishona upya. Nina kisukari kile cha ukubwani, na huu ni mwaka wa pili najichoma insulini asubuhi na jioni. Chai nakunywa bila sukari. Chakula napima. Kila kipimo naandika daftarini.

Hata hivyo mashine ya kupimia sukari ikasoma kumi na saba, wakati haitakiwi kuvuka kumi. Kesho yake, kumi na tisa.

Macho yakaanza kuona ukungu. Kutunga uzi kukawa vita. Na fundi asiyeona tundu la sindano atakula nini?

Daktari aliongeza dozi mara tatu. "Mzee, ukweli unaujua mwenyewe."

Shemeji yangu naye hakubaki nyuma. "Bwana shemeji, hizo biskuti unazilia chooni?"

Yeye na mke wangu wakacheka. Nikacheka nao. Unafuata kila kitu, halafu unaonekana mwongo.

Nikarudi kliniki, safari hii mke wangu kando yangu kama askari na mahabusu. Tukakuta nesi mpya, mama wa makamo. Hakuniuliza nimekula nini.

"Baba, nionyeshe unavyojichoma."

Nikatoa utepe wangu wa kupimia nguo. Sentimita nne kushoto kwa kitovu.

"Kila siku hapo hapo?"

"Hapo hapo. Kazi yangu haitaki kubahatisha. Tena siku hizi hata hapaumi."

Akapapasa, kisha akaushika mkono wa mke wangu na kuuweka pale. Kulikuwa na uvimbe mgumu.

"Dawa inakwama humu, mama. Sindano huhamishwa kila mara. Alipaswa kuambiwa siku ya kwanza."

Mke wangu hakuutoa mkono.

Daktari akapunguza dozi, maana mahali papya dawa ingeingia yote na kunizidi nguvu. Baada ya wiki tatu mashine ikasoma nane. Macho bado yananisumbua, lakini kufuli limetoka kabatini na shemeji kanyamaza.

Wewe unayeambiwa unakula kwa siri, kabla ya kugombana na mtu, funua shati umwonyeshe nesi unavyojichoma.

Mimi nilikosea miaka miwili, kwa uangalifu mkubwa.