Majivu Vidoleni mwa Mama Theodora

Winfrida wa Lukuledi, ambaye kiwandani kila mtu humwita Mama Theodora, alianza kazi kwenye meza za kubangua. Ni kiwanda kidogo cha korosho nje ya mji wa Masasi. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, kwa hiyo kila mwanamke pale ana sahani ya majivu pembeni yake. Anachovya vidole, anabangua, anachovya tena. Ukiizoea kazi hiyo, mikono huchovya yenyewe hata akili ikiwa kwingine.

Nyuma ya ukuta wao kuna boila. Ndiyo inayotoa mvuke wa kulainisha korosho kabla ya kubanguliwa, nayo huwashwa kwa maganda yaleyale. Siku moja Winfrida aliitwa kusaidia kulisha maganda kwenye jiko la boila, na tangu hapo meza ikamchosha. Akamfuata fundi wa boila, Mzee Cecil, mtu wa Newala.

"Shikamoo, Mzee. Naitaka kazi hii."

"Marahaba. Ya kubeba maganda si unayo tayari?"

"Ya kuitengeneza."

Mzee Cecil alimtazama, kisha akamweleza njia ilivyo. Aende kwanza chuo cha ufundi akajifunze kuchomelea, apate cheti, halafu arudi achafuke. Akaenda. Aliporudi na cheti chake alipewa brashi ndefu, akwangue masizi ndani ya mabomba. Baadaye akafundishwa kupima bati zito, kulikata na kulikunja, akachomelea milango ya jiko na ngazi. Mabomba ya boila hakuruhusiwa kuyagusa kwa moto.

"Ngazi ikiachia, mtu anavunjika mguu," Mzee alisema. "Bomba likiachia, tunazikana."

Mwaka huu mabomba kadhaa yaliliwa na kutu, na msimu wa korosho ulikuwa mlangoni. Macho ya Mzee Cecil yameingia ukungu. Akawaambia wakubwa kwamba atakayechomelea ni Mama Theodora, mradi vipande vyake vya majaribio vitoke vizima. Visipotoka, ataletwa fundi wa nje pamoja na msaidizi wake, na Winfrida atarudi kubangua.

Kipande cha kwanza kilikatwa kwa msumeno. Ndani ya chomeleo kulikuwa na vitundu, kama mkate. Cha pili, vilevile. Habari ilivuka ukuta kabla ya chai.

"Mama Theodora," Bernadeta aliita dirishani kutoka upande wa meza, "kiti chako tumekifuta vumbi."

"Kikalieni wenyewe, makalio mnayo."

Wanawake wakacheka, naye akacheka. Lakini mchana ugali wake aliurudisha mzima.

Walikagua umeme. Walikausha upya fimbo za kuchomelea. Hapakuwa na kasoro. Mwishowe Mzee Cecil akavuta kigoda. "Fanya tena kama kawaida yako. Mimi nipo hapa, sisemi kitu."

Winfrida akapiga brashi ya waya ncha za bomba mpaka zikang'aa. Akavua glovu, akapita kwenye mlango wa jiko, penye lundo la majivu, akarudi, akapitisha kidole kwenye ukingo kuona kama ni laini.

"Hebu simama," Mzee akasema. "Nionyeshe mkono."

Vidole vilikuwa vya kijivu. Hakukumbuka kuchovya.

"Hapa unabangua nini, mama?"

Winfrida alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka, labda hayakuwa ya kicheko tu. Majivu na jasho vilikuwa vikiingia kwenye chuma kilichoyeyuka na kukijaza hewa. Akanawa kwa sabuni, akafunika majivu yote kwa bati. Kipande kilichofuata kilikatwa, kikawa kizima kama kimezaliwa hivyo.

Akachomelea mabomba yote.

Siku ya ukaguzi alikuja Bi Shakila, mkaguzi kutoka Mtwara. Boila ilijazwa maji baridi, ikasukumwa kwa pampu kupita nguvu ya kazi yake ya kila siku. Mshale wa geji, kipimo cha nguvu hiyo, ukipanda unapaswa kubaki palepale. Ukishuka, kuna panapovuja.

"Mimi nimekulia Newala, kwenye shida ya maji," Mzee Cecil alinong'ona. "Tone la maji likidondoka nalisikia hata usingizini."

Bi Shakila akainama na tochi yake. Kwenye chomeleo moja palikuwa na unyevu. Mkaguzi akapafuta kwa kitambaa, akangoja, akapagusa tena. Pakavu. Ni maji yaliyomwagika wakati wa kujaza.

Alitazama geji mara ya mwisho. "Nani kachomelea?"

"Mimi."

"Haya. Fungulieni maji yatoke, kesho muwashe moto."

Mzee Cecil alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Winfrida yeye aliona njaa tu, njaa ya siku zile zote. Bernadeta akampitishia kipande cha muhogo wa kuchemsha dirishani.

"Na kile kiti?" akauliza.

"Mpeni mwingine," akasema Winfrida, akaupokea kwa mikono miwili, misafi.