Kanga ya Marehemu Mama Imekuwa Gauni

Leo nimemwambia mtu "umependeza" huku machozi yananilenga.

Juzi nilimpeleka mgeni wangu, dada wa Kizungu, kijijini kuona mikorosho. Kaja na kaptura. Kwa joto hili la Mtwara namwelewa, lakini tulikuwa tunaingia majumbani mwa watu, kina bibi wamekaa barazani.

Nikamwambia, dada, huku vaa nguo ndefu, pana, ya pamba. Utasitirika na jua halitakuunguza.

Kwenye mkoba nilikuwa na kanga ya marehemu mama, doti niliyopewa tulipogawana nguo zake. Huwa natembea nayo.

Nikamfunga. Kipande kiunoni, kingine mabegani.

Hakurudisha. Nikasema basi, atanipa tukionana.

Leo asubuhi kashuka kwenye bajaji anazunguka kama bi harusi. Kaipeleka kwa fundi! Gauni refu, pana, mikono mpaka viwikoni. Yaani kafuata kila nilichomwambia.

"Asante kwa zawadi," akanikumbatia.

Na mnajua kwetu, mgeni ukishamvika kanga huwezi kuidai tena. Ninyi mngemwambiaje?

Nikaenda kwa fundi kuulizia hata mabaki. Akaokota kitambaa kimelowa mafuta.

"Kimebaki hiki tu, dada. Nilikuwa nafutia cherehani."

Nimekichukua hivyo hivyo. Nimekifua kwa sabuni ya mche mpaka vidole vinawaka.

Mafuta hayajatoka.

Kilichotoka ni harufu ya mama.