Namba Thelathini Alipojulikana

Nikikumbuka tu masikio yananiwaka moto, lakini afadhali niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana najua watatia chumvi.

Mnajua kazi yangu hapa Brussels: nasomea udaktari wa jiografia, na utafiti wangu ni wa skuta za umeme, zile za kupanda umesimama ambazo wenyeji wanaziita trottinette, nani anazipanda, anatoka wapi kwenda wapi, na kwa nini akifika anaitelekeza mlangoni kwa mtu. Anayekubali kushiriki anatia sahihi karatasi ya kukubali, anaweka programu kwenye simu, nayo inarekodi kila anakopita. Profesa anayenisimamia alitaka watu thelathini. Mimi, kwa kubembeleza kanisani, dukani na kwa kina mama wa mtaa wa Schaerbeek mpaka sauti ikakauka, nikapata ishirini na tisa. Nikajisemea mtu mmoja ni kitu gani, nikajiandikisha mwenyewe kuwa namba thelathini (uvivu huo, msiupe jina lingine), halafu nikasahau kabisa.

Siku ya matokeo tukawaalika washiriki wote ukumbini, tuwaonyeshe ramani ya safari zao na kuwaomba wakubali mwaka wa pili, maana bila wao hakuna utafiti, na bila utafiti mkataba wangu unakwisha Septemba. Profesa (mtu mwema, ila akishika kipaza sauti kumnyang'anya ni vita) akaikuza ramani, akazunguka weee, akaenda kutua kwenye barabara ya Chaussée de Wavre.

"Tazameni namba thelathini," akasema. "Jumatano moja kafika hapa saa tatu asubuhi, hakusogea mpaka saa kumi. Anafanya nini mtu huyu?"

Hapo ndipo nikakumbuka namba thelathini ni nani. Nikamnong'oneza kwamba tuendelee, muda umekwisha, naye akanijibu kwenye kipaza sauti kwamba sayansi haina haraka! Watu wakaanza kukisia, huyu anasema amelala, yule anasema simu imeibiwa, na mimi niko pale mbele nachekacheka ovyo, mpaka Maman Furaha, msusi wangu wa kutoka Bukavu ambaye naye ni mshiriki, akasimama na biskuti yake mkononi.

"Mais, ile fasi, ile pahali, ni kwangu! Jumatano zote muntu wa kuya kwangu na trottinette alikuwa moya tu, ni weye Neema! Nilikusuka zile ndogo-ndogo, sept heures, masaa saba!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Profesa akanigeukia taratibu: "Jumatano ile si ulikuwa mtaa wa Anderlecht, unahesabu skuta?" (Nilizihesabu, jamani, ila nilizihesabu Alhamisi, sasa nani ataniamini?)

Ingeishia hapo ningeshukuru Mungu. Lakini Papa Anselme, mzee mpole wa kutoka Goma ambaye nilimbembeleza wiki mbili ndipo akakubali, hakucheka.

"Mutoto yangu, ulituambia hakuna muntu atatujua. Bon. Weye bamekujua mu dakika moya. Na mimi?"

Nikaanza kumweleza kwamba majina tumeyaficha, Papa, zimebaki namba tu.

"Maman hakusoma jina," akasema. "Alisoma fasi. Mimi kwetu nilikimbia sababu batu balijua fasi nalalaka. Unirudishie karatasi yangu."

Profesa, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akakizima kipaza sauti mwenyewe. Watu wakapanga foleni mbele ya meza yangu kudai karatasi walizotia sahihi, mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyenitukana, na heri wangenitukana. Maman Furaha akaja wa mwisho, akanikumbatia, akaniambia pole, akachukua na yake.

Najichukia mpaka leo. Miezi yote ile niliwaapia watu kitu ambacho sikuwahi kukijaribu hata mara moja, na mimi ndiye niliyesoma! Basi nimeapa: ramani yangu haitakaa ukutani tena kabla sijamkalisha mbele yake mtu anayeijua mitaa, nimuulize, unamwona nani hapa? Na kama akitaja hata mmoja, naifuta. Papa Anselme nilimkabidhi karatasi yake kwa mikono miwili. Akaichana palepale vipande vidogo sana, akavikusanya vyote, akaondoka navyo mfukoni.