Maharagi Yanayongoja Siku Mbili

Juzi mjukuu wangu alinikuta sokoni Sake na devuari yake, kazi ya nyumbani ya Kiingereza, akakaa juu ya gunia langu la maharagi. Mwalimu amewapa maneno mawili, hear na listen, waeleze tofauti yake. «Koko, yote si kusikia tu?» Mimi niliacha shule mwaka wa tatu wa primeri, na sioni haya kusema. Lakini hiyo tofauti naijua kuliko mwalimu wake.

Niliipata nikiwa mutoto, ndugu yangu, kijijini Kibabi, kwa mama wa mama yangu, wakati wa mavuno ya maharagi. Uwanja ulinuka majani makavu, sombe, yale majani ya muhogo, ilitwangwa kila nyumba. Wanawake wa kilima chote walimletea koko wangu maganda yao. Alitikisa moja karibu na sikio, akasema: «Pigeni.» Ao: «Bado.» Akisema bado, hakuna aliyeshika fimbo. Maharagi yakipigwa yakiwa bado na maji ndani, yanaoza guniani.

Mwaka ule mimi peke yangu nilijua siri yake. Nilimwita mara tatu nikiwa nyuma yake, asigeuke. Meno ya kupimia punje yalikuwa yamekwisha zamani, sasa masikio nayo yamefuata.

Mawingu yakaanza kupanda upande wa Walikale. Jirani yetu alishapiga yake yote. Akatuchokoza juu ya uzio: «Mama, unayangojea mahari?»

«Nayangojea akili yako,» koko akajibu. Jirani alisema kwa kelele kila siku, hata kiziwi alimsikia.

Halafu akanivuta nyuma ya nyumba, kwenye rundo letu, akanipa ganda. «Tikisa. Unasikia nini?»

«Inalia, Koko.»

Alinisoma mdomoni. «Hata mbuzi inasikia hiyo. Mimi nimekuomba usikilize.»

Nilikasirika. Nikafumba macho, nikaacha kuku, nikaacha mitwangio, nikaacha hata hasira yangu. Nikatikisa tena, ganda moja moja. Ya juu ya rundo yalitoa sauti kavu, nyembamba, kama changarawe katika kopo. Ya chini yaligonga mara moja na kunyamaza, kama kidole juu ya udongo.

Nikamwambia kwa vidole na mdomo: ya juu tayari, ya chini siku mbili.

Aliangalia mawingu, akaniangalia mimi. Chakula chetu na mbegu zetu zote zilikuwa katika sikio la mutoto wa miaka tisa. Akatoka mbele, akatangaza kama zamani: «Ya juu tunapiga leo. Ya chini yanaingia ndani, yakauke siku mbili juu ya moto.»

Tulipiga, tulibeba, mvua ikatukuta na fungu la mwisho kichwani. Siku ya tatu tulipiga yaliyobaki.

Kabla ya kupanda tena, jirani alikuja na kikapu kitupu. Yake yalikuwa yameota ukungu. Koko akamjazia mbegu bila kumsema. Jirani akaanza kumsifu masikio. Koko akaniweka mbele yake.

«Masikio yangu yalikufa, mwanangu. Huyu njo alisikiliza. Mushukuru yeye.»

Mwanamke mzima akapiga magoti, akanishika mikono miwili. Tangu siku ile maganda ya kilima chote yaliletwa kwangu. Nyumba yangu ya mbao, bati mpya, masomo ya watoto sita: vyote nimevipata kwa kununua maharagi kwa sikio. Hakuna aliyenipa.

Ila siku hizi wananiletea magunia ya maharagi mazito kwa maji. Siwagombeshi. Huko milimani wanang'oa mabichi, kwa sababu, na hii vita, hakuna anayejua kama kesho kutwa atakuwa bado kwenye shamba lake. Koko alisema «siku mbili», na kilima kizima kikangoja bila wasiwasi. Ule ungojaji njo sijauona tena.