Kisigino cha Mtani Wangu

Wapogoro na Wangoni ni watani. Mababu zetu walipigana, wakachoka, wakatuachia matusi turithi. Utani hunoga zaidi msibani: mtani huzuia maziko, na wafiwa hulazimika kumbembeleza. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

Siku tulipomzika baba yangu mdogo kule Katindiuka, mtani wangu Mngoni alijilaza katikati ya njia ya makaburini, kanyoosha miguu, anakoroma makusudi. Jeneza likasimama. Mimi, mhitimu wa shule ya jioni, mtu mwenye akili nyingi kuliko kichwa kinavyoweza kubeba, nikachukua jembe la wachimbaji.

"Toa mguu, Mngoni, au niupunguze!"

"Punguza, mla kambale! Mpogoro ameanza lini kukata kitu zaidi ya ugali?"

Nikalishusha jembe, nikilenga udongo kando yake. Naye, kwa mbwembwe, akageuka.

Alipiga yowe. Watu wakacheka. Akapiga la pili, wakacheka zaidi, maana mtani akilia msibani anafanya kazi yake. Mimi peke yangu nilikuwa nimeona kisigino kimefunguka. Damu iliyotoka ingetosha kumwagilia mpunga wote kutoka pale hadi Idete. Baba mdogo alizikwa bila mimi.

Kwenye kituo cha afya, nesi alimfunga bandeji ya kuzuia damu, akasema kidonda cha jembe lazima kipitie polisi. "Leteni PF3, ile fomu ya polisi, daktari aijaze." Tukapanda bodaboda kwenda polisi, yeye katikati, mimi nyuma nimeubeba mguu wake kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, afande," nikasema. Afande hakuwa mtu wa huku. Akamgeukia mtani.

"Nani amekujeruhi?"

"Huyu hapa. Alitaka kuniua tangu akiwa tumboni mwa mama yake."

"Aliwahi kukutishia?"

"Kila siku! Hata kwenye harusi yangu alisema atanizika."

Afande hakucheka. Aliandika.

Kanuni ya Adhabu niliisoma shule ya jioni mpaka ikanichoka yenyewe. Enzi za babu, damu ya namna hii iliishia kwa kuku na pombe kati ya nyumba mbili. Ilipokuja serikali, kesi ikawa ya Jamhuri, na mwenye kidonda akageuka shahidi tu. Tena sheria hupima: ngozi ikichanika ni jeraha, kiungo kikilemaa ni madhara makubwa. Dogo, mahakama inaweza kuwaruhusu mpatane. Kubwa, na imeandikwa ulikusudia, unaweza kufungwa maisha. Mimi na uhuru wangu tulikuwa tumening'inia kwenye mshipa mmoja wa kisigino cha Mngoni.

Tulirudi kwa daktari na fomu. Magoti yangu yaligongana hivi kwamba watu wa Viwanja Sitini lazima walidhani mashine ya kukoboa imewashwa.

"Sukuma unyayo chini, tuone kama mshipa umekatika," daktari akasema.

Mtani akatazama dari. "Mguu umekufa, daktari. Andika Mpogoro ameuua."

Daktari akashika kalamu.

"Mtani," nikasema, "naomba uache."

Neno hilo mtani hamwambii mtani. Akanitazama.

"Unatetemeka? Kweli unaogopa?"

"Naogopa."

Tabasamu likamfutika. Miaka ishirini sikuwahi kuuona uso wake bila tabasamu, na uliniogopesha upya. "Daktari, huyu ni mtani wangu," akasema. "Yale ya polisi yote yalikuwa utani." Akauma meno, akasukuma. Unyayo ukashuka kidogo. Daktari akabonyeza, akamwambia arudie. Ukashuka tena, jasho likimtiririka.

Niliisoma fomu kichwa chini miguu juu: jeraha, mshipa mzima.

"Polisi utakwenda kueleza mwenyewe," daktari akamwambia akiandaa sindano.

Alipokwisha kushonwa tukarudi kwa afande. Afande akasema maelezo hayafutwi, yanaongezwa, akafungua ukurasa mpya.

"Huyu ni nani kwako?"

Mtani akafungua mdomo. Nikalishika benchi kwa mikono miwili.

"Ndugu yangu," akasema. "Hakukusudia."

Afande akaandika hilo nalo, polepole, kisha akaniambia nisitoke wilayani mpaka nitakapoitwa.