Mtu wa Makala Aliyeniuliza Kamera Inaangalia Wapi

Kabla hujacheka, jua kwamba mke wangu alikwisha kucheka kwa niaba yenu wote, na kisa hakikubadilika hata kidogo. Yalinipata mimi mwenyewe, kiangazi kilichopita, kwenye njia ya kutoka Kambove kurudi Likasi, jua likiwa halijazama lote. Sikuwa nimekunywa. Nina digrii, ingawa jioni ile haikunisaidia kitu.

Shemeji yangu wa Lubumbashi alinizawadia kamera ndogo ya kufunga kwenye pikipiki. Niliwaza mahali pa kuifunga zaidi ya nilivyowahi kuwaza mahali pa kujenga nyumba. Juu ya kofia ngumu ilimpiga picha kila mtu niliyemgeukia kumsalimu, na watu wote wa Panda, mtaa wetu, nafahamiana nao. Ukitazama video unapata kichefuchefu. Kifuani ilipiga picha ya tumbo langu. Mke wangu alitazama, akauliza, "Papa Trésor, hapa njia iko wapi? Minye naona mulima tu."

Basi nikaifunga katikati ya usukani, kioo chake kikinielekea, ili nione ninachopiga. Unajua mtu aliyesoma anavyojivuna akishakaza skrubu mbili?

Karibu na kona moja inayoteremka, alisimama mtu katikati ya njia na baiskeli ya makala, ndivyo tunavyouita mkaa huku, magunia yamerundikwa hadi kumpita kichwa. Niseme kweli: nilimwona kwanza kwenye kioo cha kamera. Nikafunga breki.

Hakunitukana. Mikono yake ilikuwa myeusi, kwa hiyo alininyooshea kifundo cha mkono, kama watu wa makala wanavyosalimia ili wasikuchafue. Nikakishika. Kilikuwa baridi kama chuma kilicholala nje mwezi wa sita. Na vumbi je? Kiangazi, kila anayetembea njia ile huwa mwekundu hadi kope. Yeye hakuwa nalo hata punje.

"Papa, iyi kintu inaangaliaka wapi?"

"Mbele," nikamjibu.

"Na weye unaangaliaka wapi?"

"Minye naangalia yenyewe."

"Sasa njia, nani anaiangalia?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Iweke nyuma," akasema. "Mbele uko na macho. Nyuma hauna. Minye pia sikukuwa nayo."

Niamini, nilitii kama mtoto. Nikalegeza skrubu. Akachomoa ukanda wa mpira uliofunga gunia lake, kipande cha tyubu kuukuu, akaifunga kamera nyuma ya kiti, ikitazama nilikotoka. Nikamshukuru, nikaondoka.

Niliingia kwenye kona macho yakiwa barabarani, kwa kuwa hayakuwa na pengine pa kwenda. Mbele yangu lori la madini lilikuwa limekufa katikati ya njia, halina taa, rangi yake na vumbi ni moja. Pikipiki ilisimama tairi la mbele likikaribia kugusa lile lori. Nikashuka, nikakaa chini.

Dereva akatoka porini amekumbatia matawi, yale tunayotandaza njiani kuwaonya wanaokuja kwamba gari limekufa mbele. "Pole, muzee," akasema. "Nilikuwa nayatafuta. Ungekuya mbio, tungekutoa chini ya motoka."

Nikamweleza nani aliyenichelewesha. Aligeuka akaitazama kona. "Wa makala? Hapo nyuma ya kona? Papa, ule alikufaka zamani. Motoka ilimugonga palepale, ilitoka nyuma yake. Hakuiona."

Tukarudi kutazama. Hapakuwa na mtu, wala alama ya tairi la baiskeli. Dereva alitandaza matawi yake barabarani, ila moja aliliweka kando, juu ya nyasi, pale alipogongwa yule mtu.

Nyumbani mke wangu alicheka nilipomsimulia, kisha tukaitazama video: mbele ya pikipiki hakuna mtu wala baiskeli. Nasikika nikisema "Mbele." Kimya. "Minye naangalia yenyewe." Kimya tena, kisha nacheka peke yangu. Halafu picha inageuka nyuma: njia tupu, na sauti yangu ikisema asante kwa heshima zote. Hapo mke wangu hakucheka. Ukanda wa mpira ulikuwepo, una alama za vidole vyeusi. Sijaufungua hadi leo, na kamera haijahama.

Sasa kila nikipita kona ile, nanunua gunia la mtu wa makala wa kwanza nitakayemkuta, na sibishani bei. Stoo imejaa. Mke wangu huuliza kama nafungua duka, lakini nikirudi mikono mitupu ni yeye anayesema, "Leo haukumushukuru?" Kila asubuhi chai yangu inachemka juu ya mkaa huo, nami nainywa nikiwa hai.

Nawe mwenye kamera, ifunge nyuma. Mbele angalia mwenyewe. Na mtu wa makala akikusimamisha, shika kifundo cha mkono wake, hata kikiwa baridi, na umjibu anachouliza.